Makabidhiano ya Zamu

"Moto ulipozuka, mlango wa nyuma ulikuwa wazi," meneja wa kiwanda aliliambia baraza la kazi. Washonaji wanne walioungua waliinamisha vichwa.

Wakili wao, Bi Sikudhani, alimgeukia mlinzi wa zamu ile, ambaye bado alikuwa ameajiriwa palepale. "Mzee Ngwale, ni kweli?"

Mzee alimtazama bosi wake. Kisha akavua kofia ya kazi, akamwekea mezani, kama afanyavyo kila asubuhi anapokabidhi zamu. Ikafuata filimbi. Ikafuata tochi.

"Mzee, nimekuuliza," wakili alisema.

"Nimekusikia, mama. Acha nikabidhi kwanza."

Akatoa mfukoni kufuli jeusi kwa masizi, bado limeng'ata kipande cha mnyororo.