Treni Inayopiga Hodi

Treni ya Kizota hupiga hodi nyumbani kwa abiria kabla ya kumshusha. Asipokaribishwa, mlango haufunguki, anazungushwa tena mji mzima.

Mkude, seremala, alikuwa kwenye mzunguko wa tatu. Asubuhi alimfokea mkewe.

“Umemkosea nani?” jirani yake kitini akamtania.

“Mama Tausi.”

“Basi zoea kiti, kaka.”

Treni ikapita juu ya mapaa, laini hata chai kikombeni haikutikisika. Mkude akaushangaa mji wote uking'aa chini yake.

“Hodi, kwa Mkude,” treni ikaita.

“Karibu, baba Tausi.” Sauti ya mkewe, ya upole. Mlango ukafunguka.

Akafika nyumbani mbio, akakuta kufuli. Mkewe ndiyo kwanza anakuja kutoka kwa dada yake.

“Nani kakukaribisha?”

“Wewe. Nimekusikia.”

Mama Tausi akashika ufunguo, asithubutu kufungua.