Miaka Thelathini ya Shangazi

Siku hizi uzoefu hunakiliwa kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Daktari Elinami, mwenye umri wa miaka ishirini na saba na kliniki yake ya macho mjini Moshi, alijinakilia miaka thelathini ya shangazi yake Ndeshi, daktari wa macho mstaafu.

Shangazi alipopata mtoto wa jicho, alikuja kupasuliwa hapo. Akiwa kitandani aliuliza, "Yule seremala niliyempofusha, unamkumbuka?"

"Hapana, shangazi. Makosa niliomba yafutwe. Nilichukua mazuri tu."

Shangazi alicheka kwa dharau. "Basi hujui kitu, wewe! Siku ile ndipo nilipoanza kuwa mwangalifu."

Akashuka kitandani, akapapasa ukuta hadi nje. Mgonjwa aliyefuata alikuwa ameshavua miwani.