Mkono Ukitangulia

Katika mji ule, ndugu wakigombea nyumba hawaendi kwa hakimu. Hucheza sataranji sebuleni mwa nyumba yenyewe. Anayeshindwa huhama, na wakitoka sare, hujengwa ukuta katikati.

Kibibi, mjane, alichotaka ni ukuta huo tu. Kete zake zilikuwa zimeliwa karibu zote, lakini malkia wake aliendelea kumtisha mfalme wa shemeji yake Badru, kulia, kushoto, kulia tena. Ubao ukirudia sura ileile mara tatu, mchezaji ana haki ya kudai sare.

"Shemeji, unanizonga kama nzi wa buchani!" Badru alicheka.

Kibibi alimsogeza malkia, akamwachia, kisha akapaza sauti: "Mara ya tatu! Nadai sare!"

Bi Saumu, mwamuzi, alitikisa kichwa. "Sare hudaiwa kabla ya kusogeza kete, mwanangu. Umeshasogeza. Sasa zamu ni yake."

"Lakini si mmeona wote?"

"Tumeona."

Badru hakucheka tena. Aliuinamia ubao kwa makini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaiona njia ambayo dharau ilikuwa imemficha, akampeleka mfalme nyuma ya ngome. Malkia hakuwa na pa kumfuata.

"Cheza, shemeji," alisema taratibu.

Kibibi alinyoosha mkono, ukabaki hewani juu ya ubao. Nyuma yake, mke wa Badru alikuwa amesimama dirishani, amekunjua kanga, anapima pazia.