Kiitikio cha Msibani

Tangu sauti za waimbaji zianze kulindwa, simu yangu hainiachi niongee. Nikifungua mdomo inanikata, mpaka ihakikishe kwamba ni mimi, si mashine inayoniigiza. Sawa, nililalamika mwenyewe, maana watu walikuwa wananisambaza mtandaoni nikiimba matusi nisiyoyajua. Lakini leo mama mdogo Rukaya amefariki, mimi niko Mwanza, na nataka kumpa mama pole huko Tanga.

“Sauti hii ina mwenyewe,” simu ikasema.

“Mwenyewe ndiye mimi.”

“Wote husema hivyo, dada. Imba kiitikio cha wimbo wako, kwa furaha kama ulivyorekodi.”

Basi nikasimama jikoni, nimejitanda kanga ya msiba, nikaimba wimbo wa kukatia kiuno. Jirani yangu Mama Nyangeta, aliyekuja kunipa pole, alinikuta katikati ya kiitikio. Akaweka hotipoti ya uji mlangoni, akaondoka bila kuaga.

“Furaha haijatosha,” simu ikasema. “Rudia.”

Nikarudia. Mama akapokea.

“Pole, mama,” nikasema, bado nina hasira na simu.

“Mbona umeshanipa, mwanangu? Ulipiga asubuhi, ukalia mpaka nikakubembeleza mimi mfiwa.”

“Mama, asubuhi sikupiga. Simu ndiyo kwanza inaniruhusu.”

Nyuma yake nilisikia wanawake wakisoma dua.

“Yule alilia,” akasema taratibu. “Mbona wewe hulii?”