Kahawa Ilipopanda Lifti

Nitegulie hiki, mjukuu wangu: chumba gani hupanda ghorofani bila miguu?

Ni lifti. Ya jengo letu hapa Addis ilirukaruka kama punda, hadi Tsedale, mwanagenzi wa ufundi wa lifti, alipoifungia breki mpya. Huo ulikuwa mtihani wake. Angeshindwa, angebaki mwanagenzi.

"Nitajuaje kwamba imepona?" aliuliza mzee mtahini, akipuliza kahawa yake.

Tsedale alimpokonya kikombe kilichojaa pomoni pamoja na kisahani chake, akakiweka sakafuni mwa lifti, akaituma juu kabisa.

"We binti! Kahawa yangu hiyo!"

Tsedale akaiita lifti irudi.

Mlango ulifunguka. Kahawa ilikuwa imetulia ukingoni mwa kikombe, na kisahani kilikuwa kikavu.

"Utajua hivyo, Gashe, mzee wangu," alisema. "Haya, kunywa kabla haijapoa."