Seva ya Saa Nane

Saa mbili kasoro dakika nne asubuhi, fundi aliliona kosa kwenye skrini.

Meneja alikuwa ameipanga seva ya hospitali ijisasishe yenyewe saa nane usiku, wodi zikiwa zimelala. Akaandika 8:00. Kwa saa ya mashine, hiyo ni saa mbili asubuhi, maabara ikiwa imefurika na majibu yote ya vipimo yakipitia humo. Seva ingejizima, na jinsi ilivyochakaa, isingewaka tena bila mkono wa fundi.

Miaka kumi na sita fundi mwenyewe aliisasisha kwa mkono, akipiga simu kila wodi kwanza.

Kidole chake chenye ukucha uliopasuka kilisimama juu ya kitufe cha kuahirisha.

"Bado upo tu?" Meneja alikuwa mlangoni na boksi tupu. "Mzee, mashine siku hizi inajifanyia yenyewe. Fungasha vitu vyako, ufunguo uache mezani."

"Saa uliipanga vizuri?"

"Usinifundishe kazi."

Ni fundi huyu aliyemfundisha meneja hata kushika kipanya. Alikiondoa kidole taratibu, akakipangusa kwenye suruali kana kwamba kimeshika grisi.

"Haya, mwanangu. Kazi njema."

Nje, foleni ya maabara ilikuwa imefika ngazini. Mama mmoja, mtoto begani akihema kwa shida, alimshika mkono.

"Samahani baba, majibu ya damu ni dirisha hili?"

Fundi alitazama saa yake. Ilibaki dakika moja.

"Ndilo hili," akasema. "Yanatoka sasa hivi."