Bahasha ya Jumatatu

"Imeomba saa ngapi?" Mama Sanduku aliuliza, miwani bado haijakaa sawa puani.

Kompyuta mpya ya kanisa ilikuwa imekwisha kumjibu muumini wa kwanza kwamba ameombewa. Mchungaji alikuwa amepiga makofi. Fundi wa kompyuta, ambaye ni shemeji yake mchungaji, alitabasamu kama baba aliyepata mapacha.

"Mama, hii inafanya haraka," fundi alisema.

"Iulize imepiga magoti wapi."

Fundi akaandika swali, kumridhisha tu. Kompyuta ikajibu kwa upole kwamba haina magoti, ila imeomba kwa moyo wote.

"Moyo upi?" Mama Sanduku alifoka, akachukua mkoba wake akatoka.

Jina hilo la utani lilitokana na sanduku la mbao lililokaa mlangoni mwa kanisa miaka kumi na tisa. Watu walitumbukiza humo vikaratasi vya shida zao, naye akavisoma na kuviombea kimoja kimoja, kwa sauti, magoti juu ya saruji. Sasa sanduku lilikuwa stoo, limewekewa mafagio. Waumini waliandika kwenye simu, wakajibiwa papo hapo, hata wakiwa msalani.

"Uongo ni uongo hata ukiwa na adabu," alimwambia mchungaji. "Mtu analia, mnamwambia ameombewa, na hakuna kiumbe aliyefungua kinywa! Mungu atatuuliza."

Alilalamika ibadani, akalalamika mazishini, akalalamika hata kwenye kikao cha kuchagua rangi ya madirisha. Mwisho mchungaji akachoka.

"Fundi, mchapie mama karatasi zake aombe, tupumzike."

"Lakini mchungaji, shida za watu ni siri. Mimi siruhusiwi—"

"Wewe mpe karatasi tu!"

Tangu siku hiyo, kila Jumatatu alikuta bahasha yake mezani kwa fundi. Karatasi arobaini. Alizibeba hadi nyumbani kama mtu aliyebeba mayai.

"Hayo magoti yakiisha, dukani hayauzwi," mumewe, kinyozi, alimwonya.

"Acha yaishe. Na watu siku hizi wanajua kuandika, baba! Zamani nilisoma miandiko kama kuku kaparua. Sasa hata nukta hawakosei."

Ombi moja lilimkaa rohoni. Mama mmoja aliandika kwamba mwanawe wa miaka sita hajawahi kutamka neno, ila huimba puani mama yake akiosha vyombo. Mama Sanduku akaliombea asubuhi na jioni. Wiki ya tatu, mama yule akaandika tena: mtoto amesema "maji".

Mama Sanduku alilia mpaka mumewe akaacha chai yake. "Umeona? Umeona mwenyewe? Kuna mashine ya kufanya hivi?"

Wiki ya sita habari zikageuka. Mtoto amelazwa, homa haishuki, madaktari wanatikisa vichwa. Mama Sanduku akafunga siku tatu, maji tu.

Siku ya pili ya mfungo, jirani yake mshonaji alibisha hodi. Alisimama kizingitini, utepe wa kupimia bado uko shingoni, macho mekundu.

"Dada, una dakika mbili? Kuna jambo limenishinda."

"Jirani yangu, nisamehe. Nina mtoto wa watu anakata roho hapa." Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa. "Liandike kwenye simu, kule kanisani. Nitaliombea kabla ya mengine yote."

"Litakufikia wewe? Si ile mashine?"

"Mimi mwenyewe. Nakuapia."

Mshonaji aliitikia kwa kichwa, akaenda zake taratibu.

Jumatatu iliyofuata, Mama Sanduku aliipekua bahasha palepale kwenye baraza ya kanisa. Hakuna habari za mtoto. La jirani nalo halikuwemo, labda ameghairi. Badala ya kurudi nyumbani, alishika njia ya hospitali.

"Hatuna mtoto huyo, mama," muuguzi wa wodi ya watoto alimwambia.

Akaenda hospitali ya pili. Hayupo. Ya tatu wakamzungusha dirisha hadi dirisha, mpaka miguu ikavimba ndani ya viatu. Njia nzima ya kurudi aligomba: na simu, na mchungaji, na dunia isiyo na haya. Alipofika langoni pa kanisa, alimgombeza hata Mungu. "Na Wewe umenyamaza tu!"

Aliingia kwa fundi bila hodi, akamtandikia karatasi mezani.

"Nataka anwani ya huyu mama. Leo hii. Kama mtoto amekufa, niende nikamzike."

Fundi alisoma. Akaanza kucheka, kisha akaona uso wa Mama Sanduku, kicheko kikamkauka.

"Mama, huyu hayupo."

"Hayupo wapi?"

"Hayupo popote. Mtambo ulipokuja ilibidi tuujaribu, tukauambia utunge shida za watu. Mpaka leo unatunga, kila wiki. Mchungaji alisema nikupe karatasi, na za watu ni siri. Nikakupa hizo."

"Bahasha zote?"

"Zote."

Mama Sanduku alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. "Lakini alisema 'maji'," alinong'ona.

Fundi akaikunja karatasi, akamrudishia.

"Na maombi ya watu? Watu wenyewe, wenye damu. Yako wapi?"

"Ah, hayo usiwe na wasiwasi, mama, yameshajibiwa yote," fundi alisema, akifurahi kupata la kumfariji. "Watu walikuwa hawaiamini mashine, kwa hiyo siku hizi inaweka jina lako chini ya kila jibu."